Motohomu na gesi: mtungi wa kubadilisha, mtungi wa kujaza kwenye pampu, au tangi chini ya gari?

#1 MtangaWaCoventry

Wakuu, salaam. Nimenunua motohomu iliyotumika, Fiat Ducato ya 2008, inalaza watu wanne. Ina jiko la mafiga matatu, friji ya gesi, na hita ya Truma inayopasha hewa na maji ya kuoga. Kabati la gesi linaingiza mitungi miwili. Mwenye gari wa zamani alikuwa anatumia mitungi ya Calor ya kubadilisha, yaani unarudisha mtupu, unalipa, unapewa uliojaa.

Kiangazi tunataka kushuka na familia Ufaransa na Hispania mpaka Tarifa, na Mungu akipenda tuvuke Tanger, Moroko. Majira ya baridi tunapenda kupanda Scotland. Mitungi ya Calor haibadilishwi nje ya Uingereza, hilo ninalijua. Kwa hiyo nawaza ama nifunge mitungi ya kujaza mwenyewe (chapa za Gaslow, Alugas na wenzao) kwenye pampu za LPG, ile gesi ya kimiminika ya magari, ama nifunge tangi moja chini ya gari, ama nibaki nilivyo na nibebe mtungi wa ziada.

Kinachonitisha ni maneno ya watu kwamba gesi ya pampu inaua regulata, kile kifaa kinachopunguza mgandamizo wa gesi, eti inaijaza mafuta ya manjano mpaka jiko linafifia. Waliofunga mifumo hii, nisaidieni kabla sijatoa hela.

#2 MlaBata

Kwani hoteli zimeisha Ulaya nzima hadi mtu alale na mitungi miwili miguuni?

#3 NesiWaAberdeen

@MlaBata ukiamka asubuhi Glencoe, mlima uko dirishani na chai iko mkononi, hutauliza tena.

Mtanga, kabla ya kuuliza mtungi gani, jiulize nini kinakula gesi kwenye gari lako. Jiko halili kitu. Friji ya gesi inakula kama gramu 300 hadi 400 kwa siku nzima. Mlafi ni hita. Truma Combi 4 inakula gramu 160 hadi 320 kwa saa, Combi 6 inafika 480. Usiku wa Januari huku juu hita inafanya kazi saa kumi na mbili, hata ukiiweka katikati umemaliza kilo tatu. Mtungi wa kilo 6 ni usiku mbili tu! Sisi tulikuwa tunakatisha safari kwenda kutafuta duka la mitungi, na Jumapili kijijini limefungwa. Tulipofunga mitungi miwili ya kujaza ya kilo 11, habari hiyo ikaisha.

Lingine: mtungi wa bluu, yaani butani, usiupandishe Scotland wakati wa baridi. Butani ikifika karibu na nyuzi sifuri haigeuki tena kuwa mvuke. Imo ndani, unaisikia ikicheza ukitikisa, lakini jikoni haifiki. Propani inaendelea kutoa mvuke hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Chukua propani, mtungi mwekundu.

#4 SautiYaRuhr

Naongea kutoka Dortmund. Huku mtungi wa kijivu wa kilo 11 unaununua uwe wako, na unabadilisha karibu kila duka la vifaa vya ujenzi, chapa yoyote. Ndiyo maana Wajerumani wengi hawahangaiki na mitungi ya kujaza mpaka waanze safari za mbali.

Mimi nilifunga ya kujaza, ya alumini. Uzito wake mtupu unakaribia nusu ya ule wa chuma, na hilo si dogo. Mtanga, leseni yako ya Uingereza uliipata lini? Waliofaulu mtihani kuanzia Januari 1997 wanaishia gari la kilo 3,500 kwa leseni ya kawaida. Weka mitungi miwili ya chuma, maji lita mia, baiskeli nne na watoto, halafu panda mizani uone.

Pia huku mfumo wa gesi wa gari la kulala unakaguliwa kila miaka 2, wanaita G 607. Mkaguzi anapima mgandamizo, anaangalia tarehe iliyogongwa kwenye regulata na mipira. Uingereza hakuna lazima hiyo kwa gari binafsi, lakini fanya hivyo hivyo.

#5 TegetaMoja

Mbona mnahangaika hivyo? Huku Dar magari na bajaji zinajaza gesi ya Songosongo, foleni mpaka barabarani. Chukueni mtungi ule ule wa gari, ungeni mpira kwenye jiko, kazi imekwisha.

#6 FunditArusha

@TegetaMoja mkuu hapana, na tafadhali asije mtu akajaribu hilo. Gesi ya Songosongo ni methani. Kwenye gari inakaa kama CNG, imegandamizwa hadi baa 200, bado ni hewa tu. Gesi ya kupikia kwenye mtungi ni LPG, propani na butani, imekuwa kimiminika kwa mgandamizo mdogo sana, baa saba au nane siku ya kawaida. Mtungi, vali, regulata na hata tundu la jiko ni vingine kabisa. Ukiunga CNG kwenye jiko la LPG hutapika, utaita zimamoto.

Mimi nafunga majiko kwenye magari ya safari hapa Arusha. Wazungu wenye motohomu zao wanatufikia na mitungi ya kwao mitupu, vali yake haiingiliani na yetu. Wengi tunawafungia mtungi wetu wa kilo 6 au 15 na regulata yetu, mtungi wao unakaa kama abiria mpaka watoke Afrika Mashariki. Wajerumani wanatuuliza pampu ya LPG iko wapi. Nairobi kuna vituo vichache vya LPG ya magari, lakini safari nzima huwezi kuipanga kwa hivyo.

#7 TegetaMoja

Nimekuelewa fundi. Asante.

#8 DerevaLoriLiège

Jambo wote. Mimi ni wa Bukavu, naendesha lori Ubelgiji mpaka Andalusia. Niongee habari ya mdomo wa pampu, maana hapo ndipo wageni wanapokwama.

Ulaya ina midomo minne ya pampu ya LPG. Uingereza na Uholanzi wanatumia ule wa kuzungusha wenye meno mawili. Ubelgiji, Ujerumani na Ireland wanatumia wa skrubu kubwa unaoitwa ACME. Ufaransa na Italia wanatumia wa kisahani. Hispania wana wao, wa Euro. Kwa hiyo gari lako la Uingereza linahitaji adapta ya kisahani na ya Euro kwa safari hiyo, na ya ACME ukipita kwetu. Nunua kabla ya kuondoka. Usitegemee kituo kukuazima, vingine wanakuwa nayo, vingine hawana.

Kwenye bango, Ufaransa na Italia wanaandika GPL, Hispania GLP. Ukitafuta neno LPG peke yake utapita vituo vingi bila kujua.

Ukijaza, unabonyeza kitufe na kukishikilia. Ukiachia, pampu inasimama. Vaa glavu, maana ukichomoa mdomo kuna gesi kidogo inaruka na ni baridi ya kuunguza ngozi. Pampu ikigoma yenyewe, umefika asilimia 80. Usilazimishe.

#9 BinSeif_Maskati

Assalaam alaykum. Ndugu yangu dereva, kwa nini asilimia 80? Mtu amelipia mtungi mzima kwa nini asijaze mzima?

#10 Mkemia_Kampala

Wa alaykum salaam. Swali zuri, hasa kwa mtu wa Maskati.

LPG ikiwa kimiminika, ikipata joto inavimba kuliko maji ya kawaida kwa mbali sana. Ikitoka nyuzi 15 ikafika 55, ujazo wake unaongezeka kwa zaidi ya asilimia 10. Ukiwa umejaza mtungi pomoni, hakuna pa kuvimbia. Kimiminika hakigandamiziki, basi mgandamizo unapanda ghafla mpaka vali ya usalama ifunguke na kumwaga gesi, na kama vali imeshikwa na kutu, chuma ndicho kitakachofunguka. Ile asilimia 20 ya juu ni nafasi ya mvuke, na ndiyo inayolisha jiko.

Mtungi unaoitwa wa kilo 11 una ujazo wa karibu lita 27. Asilimia 80 yake ni lita 21 na ushee, na propani ina uzito wa kama nusu kilo kwa lita. Ndipo kilo 11 inapotoka.

Mitungi halisi ya kujaza ina boya ndani linalofunga njia ikifika 80. Mtungi wa kubadilisha hauna boya hilo. Kiwandani unajazwa kwa mizani. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia adapta ya kujazia mtungi wa Calor kwenye pampu anakuuzia hatari, tena mtungi wenyewe ni mali ya kampuni, wewe umekodi tu.

#11 PwaniKwetu

Hilo la mali ya kampuni hata Kenya lipo. Zamani ulikuwa unapeleka mtungi wa chapa hii unarudi na wa chapa ile. Kanuni za 2019 zikavunja ule mfuko wa pamoja, anayejaza mtungi lazima awe na idhini ya mwenye chapa. Watu walilalamika, lakini anayejaza kichochoroni hapimi na hakagui mtungi. Tuliona Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ya kituo kisicho na leseni ililipuka katikati ya nyumba za watu. Tusifanye mzaha na mambo haya.

#12 MlaBata

Basi nimenyamaza. Endeleeni, nasoma.

#13 MtangaWaCoventry

Shukrani wote. @SautiYaRuhr leseni ni ya 2006, kwa hiyo 3,500 inanihusu, na sikuwa nimewaza uzito kabisa. @NesiWaAberdeen umefunga tundu la kujazia nje ya gari au unajazia ndani ya kabati? Na bado hamjanijibu la mafuta ya manjano.

#14 NesiWaAberdeen

Nje, ubavuni. Usijazie ndani ya kabati hata kama mtungi unaruhusu. Vituo vingi vikiona unafungua kabati na kuunga mpira kwenye mtungi vinakukatalia, mhudumu anazima pampu kutoka ndani. Tundu la nje linamwonyesha kwamba ni mfumo wa kudumu. Mitungi ifungwe mikanda isimame wima, na sakafu ya kabati iwe na matundu ya kutolea gesi chini. Propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, ikivuja inatuama sakafuni. Kagua matundu hayo, mwenye gari wa zamani anaweza kuwa ameyaziba kwa zulia.

Mafuta ya manjano sijayaona kwangu.

#15 SautiYaRuhr

Mimi nimeyaona. Moto wa jiko ulianza kuwa mdogo, hita ikawa inawaka na kuzima na kutoa alama ya kosa. Fundi akafungua regulata ya ukutani, ndani kuna ute kama mafuta ya kula yaliyotumika. Gesi ya pampu hiyo. Tanki za vituo hazisafishwi, pampu zina mafuta yake ya kulainishia, yanakuja na gesi.

#16 Mkemia_Kampala

Ndugu wa Ruhr, naona unaihukumu pampu mapema mno.

Kabla ya mwaka 2003 hivi, regulata ilikuwa inakaa juu ya mtungi wenyewe, na mpira uliotoka hapo kwenda kwenye gari ulibeba gesi ya mgandamizo mdogo. Kisha Ulaya wakasawazisha mgandamizo kuwa milibaa 30 na regulata ikahamia ukutani. Tangu hapo, mpira kati ya mtungi na regulata unabeba gesi ya mgandamizo wote wa mtungi. Usiku ukiwa baridi gesi hiyo inageuka kimiminika ndani ya mpira, na propani ikiwa kimiminika ni kiyeyushi kizuri. Inayeyusha vilainishi vilivyochanganywa kwenye mpira, inavibeba mpaka kwenye regulata, pale gesi inapopanuka vinabaki. Malalamiko ya regulata kuziba yalizidi miaka ile ile baada ya mabadiliko hayo, na yaliwapata hata waliokuwa hawajawahi kugusa pampu, wenye mitungi ya kubadilisha tu. Ingekuwa pampu, hao wangepona.

Dawa: mipira ya chuma cha pua iliyosokotwa, na regulata ikae juu kuliko mdomo wa mtungi ili chochote kilichogeuka kimiminika kirudi chini mtungini.

#17 DerevaLoriLiège

Mkemia, nakuheshimu, lakini jirani yangu hapa aliweka mipira ya chuma na regulata akaipandisha, ute ukarudi. Mie naona shida ni mtungi wa kujaza haurudi kiwandani. Wa kubadilisha unarudi, unakaguliwa, kama una uchafu wanautoa. Wako wa kujaza unajaza juu ya mabaki kila mara, miaka na miaka. Gesi inatoka juu, nzito inabaki chini. Siku gari likipanda kilima au likipiga kona, kimiminika kinarukia kwenye mdomo na uchafu wake.

#18 Mkemia_Kampala

Hilo la mabaki lina ukweli wake, na lina uso mwingine ambao Mtanga inampasa aujue kwa sababu anataka kiangazi Hispania na baridi Scotland. Kusini mwa Ulaya LPG ya pampu mara nyingi ina butani nyingi, hasa kiangazi, kwa sababu joto lao linaruhusu. Uingereza ya pampu ni propani karibu yote. Mchanganyiko ukiwa mtungini, propani inatangulia kutoka, butani inabaki nyuma. Ukijaza Tarifa mwezi wa nane, ukatumia nusu, ukajaza tena Bordeaux, ukarudi nyumbani, utakuwa umebeba butani chini ya mtungi. Januari uko Aviemore, kipimo kinaonyesha robo imebaki na hita haipati kitu. Watu wanadhani kipimo kimeharibika. Ukirudi kutoka kusini tumia mpaka uishe kabisa ndipo ujaze Uingereza.

#19 NesiWaAberdeen

Mkemia umenifumbua macho. Tulishawahi kukwama hivyo hivyo baada ya Ureno na fundi akatuuzia kipimo kipya!

#20 FunditArusha

Kuhusu ute, huku kwetu mpira wa gesi wa kawaida ukikaa miaka unakuwa mgumu kama ukuni, maana yake vilainishi vimetoka vimekwenda mahali. Kwenye mitungi ya kilo 15 ambayo haijaona pampu ya gari tangu izaliwe nimekuta regulata zina ute. Mimi niko na Mkemia. Ila na dereva simpingi, mtungi mchafu ni mchafu.

#21 JuaNaDizeli

Nimesoma uzi wote, naona mnajadili namna ya kubeba kitu ambacho hamkihitaji. Achaneni na gesi. Nipo Rotterdam. Kwangu hita inanyonya dizeli kutoka tangi la gari, friji ni ya kompresa ya volti 12, betri ni lithiamu, paneli za jua juu ya paa, jiko la umeme la sumaku. Siulizi mdomo wa pampu, siulizi asilimia 80. Pampu za LPG zenyewe zinapungua, Uingereza zimepungua sana miaka hii, vituo vikubwa vimeziondoa. Mtanga atafunga mfumo leo, kesho akose pa kujazia.

#22 SautiYaRuhr

Na Desemba, Scotland, jua saa ngapi kwa siku? Jiko la sumaku linavuta wati 2,000. Betri zako ni bei ya motohomu ya Mtanga nusu.

#23 JuaNaDizeli

Desemba unaendesha, alternata inachaji. Na hita ya dizeli haihitaji jua.

#24 NesiWaAberdeen

Hita ya dizeli naikubali, kama ningeanza upya ningeifikiria. Lakini gari la Mtanga lina Truma ya gesi inayofanya kazi, friji ya gesi inayofanya kazi. Kung'oa vyote ili kukwepa mtungi ni gharama mara nyingi ya mtungi. La pampu kupungua ni kweli kabisa. Mimi siondoki bila kuangalia ramani ya vituo kwenye simu, na ramani zenyewe huwa zimepitwa. Piga simu kwanza.

#25 Mzaramo_Minneapolis

Huku Marekani mjadala huu karibu haupo. Motohomu inatoka kiwandani na tangi lake lililofungwa, na matrela yana mitungi ya paundi 20 au 30, ya 20 ni kama kilo 9. Unaenda kituoni, mhudumu anakujazia propani, unalipa. Tangu 2002 mtungi mdogo usio na kizuizi cha kujaza kupita kiasi hawaruhusiwi kuujaza. Ndiyo maana usukani wa vali una pembe tatu, anautambua kwa macho. Nashangaa Ulaya kila nchi na mdomo wake.

#26 PwaniKwetu

Huko mnapima gesi kwa paundi na mafuta kwa galoni, halafu unawashangaa wengine?

#27 MtangaWaCoventry

Turudi kwenye tangi chini ya gari, hakuna aliyeligusa. Fundi mmoja huku ananisukumia hilo, anasema kabati lote linabaki tupu kwa mizigo.

#28 SautiYaRuhr

Tangi lina uzuri wake: uzito uko chini, gari linatulia, kabati linakuwa wazi, na unapata lita nyingi. Liwe na alama ya R67, ndiyo kanuni ya matangi ya LPG ya magari. Ubaya wake ni mmoja na mkubwa kwa safari yako. Likiisha mahali pasipo na pampu, hulipeleki dukani. Mtungi unaweza kuutoa ukaweka mwingine wa nchi ile na mpira wake wa kuungia. Na chini ya gari kuna chumvi ya barabarani kila baridi. Hapo Coventry mnamwaga chumvi kama sisi.

#29 DerevaLoriLiège

Na Tanger ndiyo hiyo sehemu isiyo na pampu. Moroko hakuna LPG ya magari. Kuna mitungi ya butani ya kilo 3 na 12, ina ruzuku ya serikali, bei ni ndogo sana, ipo mpaka duka la kijiji. Mwenye tangi peke yake anavuka na alichonacho, kikiisha amekwisha. Mwenye nafasi ya mtungi ananunua regulata ya pale pale na kupika tajini mpaka Merzouga. Kwa hiyo Mtanga, nafasi moja ya kabati iache huru.

Jambo la kivuko: kwenye feri funga gesi kwenye mtungi, kabisa, na friji uihamishe kutoka gesi. Kwenye treni ya handaki la chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa wanauliza na wanakagua. Gari linaloendeshwa kwa LPG hawalipakii. Gesi ya kupikia na ya hita wanaruhusu kwa kiwango chao, ikiwa imefungwa.

#30 BinSeif_Maskati

Baridi yenu naisikia tu. Sisi hapa kiangazi gari likiachwa juani ndani ni tanuru, na kabati la gesi liko ubavuni linapigwa jua la alasiri. Nimeelewa sasa kwa nini mwenye duka la mitungi kwetu anaifunika turubai. Je, mitungi ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga, ambayo mtu anaona gesi ilipofika, inastahimili joto?

#31 Mkemia_Kampala

Imetengenezwa kwa nyuzi za kioo na ina vali ya usalama kama ya chuma, na uzuri wake ni huo, unaona kimiminika kwa macho bila kuhitaji kipimo. Ila usiiache juani mchana kutwa, si kwa mgandamizo tu, mwanga mkali unachosha plastiki. Ndani ya kabati lenye hewa haina shida.

#32 Mhasibu_Luton

Wote mnasema mfumo wa kujaza unaokoa hela. Tuweke hesabu wazi. Kilo ya gesi pampuni ni nafuu sana kuliko kilo ile ile kwenye mtungi wa kubadilisha, hakuna ubishi. Lakini seti ya mitungi miwili, mipira, tundu la nje, adapta na kazi ya fundi ni mamia ya pauni. Mtu anayelala nje wikendi chache za kiangazi, anapika tu, anamaliza mtungi mmoja au miwili kwa mwaka. Huyo atasubiri miaka mingi kurudisha hela, na mitungi yenyewe ina tarehe ya kukaguliwa upya au kubadilishwa. Anayepasha gari Scotland kila mwezi wa baridi anarudisha haraka. Mtanga, wewe uko katikati. Usifunge kwa ajili ya kuokoa hela. Funga kwa sababu unavuka mipaka na mtungi wako wa sasa haubadilishwi ng'ambo.

#33 NesiWaAberdeen

Na usiku wa manane hutoki nje kwenye theluji kubadilisha mtungi. Hilo weka kwenye hesabu zako mhasibu.

#34 Mhasibu_Luton

Kuna regulata inayohama yenyewe kutoka mtungi mmoja kwenda wa pili. Inafanya kazi na mitungi ya kubadilisha vile vile.

#35 SautiYaRuhr

Na kama unataka hita iwake gari likitembea, lazima kuwe na kifaa kinachokata gesi ajali ikitokea. Zile regulata za kuhama zenyewe zipo zenye kihisi cha mgongano. Bila hicho, endesha gesi ikiwa imefungwa mtungini.

#36 MtangaWaCoventry

Nimepima gari likiwa na maji na familia, limebakiza nafasi ndogo kuliko nilivyodhani. Kwa hiyo nimeamua hivi: mtungi mmoja wa kujaza wa kilo 11, wa alumini, tundu la nje ubavuni, adapta ya kisahani na ya Euro. Nafasi ya pili inabaki ya mtungi wa kubadilisha, propani ya kilo 6 nikiwa Uingereza, na wa Moroko nikivuka. Mipira ya chuma cha pua yote miwili. Regulata ya zamani ina tarehe ya 2008 na iko chini kuliko mdomo wa mtungi, naitoa, mpya inapanda juu. Fundi anasema niongeze na chujio kabla ya regulata. Niongeze?

#37 FunditArusha

Ongeza. Ukilifungua ukakuta ute, umeokoa regulata. Usipokuta, hujapoteza kitu. Baada ya kufunga paka povu la sabuni kila kiungo, usitumie kiberiti kamwe, na uweke king'ora cha gesi karibu na sakafu na cha monoksidi ya kaboni mahali mnapolala.

#38 JuaNaDizeli

Chujio nalo lina kikombe cha kubadilisha kila mara. Kitu kingine cha kununua.

#39 SautiYaRuhr

Nimetoka gereji sasa hivi. Baada ya uzi huu nimefungua chujio langu lililofungwa pamoja na mipira ya chuma na regulata mpya. Lina matone machache ya manjano. Ni kidogo sana kuliko yale ya kwanza, lakini yapo. Mkemia, mpira wa kulaumu haupo tena hapa.

#40 Mkemia_Kampala

Mtungi ni ule ule wa zamani, uliotumika na mipira ya kale? Regulata ikiwa juu, kilichoyeyuka kwenye mpira miaka hiyo kilirudi mtungini. Umwage na uoshwe na mtu mwenye leseni, jaza pampu ile ile, kisha fungua chujio tena.

#41 DerevaLoriLiège

Si nilisema mtungi!

#42 SautiYaRuhr

Na mimi nilisema pampu. Naupeleka kuoshwa wiki ijayo, halafu nitajaza kituo kile kile. Nitaweka picha hapa hapa.

#43 NesiWaAberdeen

Nami nitaweka ya kwangu, nafungua regulata yangu Jumamosi. Sina chujio, nina mipira ya zamani, na hita haijawahi kuzima.